Platini, Rutheni au Shaba? Ulinganisho kwa Anayechagua Metali ya Kutafiti Dhidi ya Saratani

Mwanafunzi wa kemia anayeingia katika utafiti wa kampaundi za metali zinazoshika DNA hukabiliwa na uamuzi mzito kabla hajapima hata miligramu moja ya kemikali: ni metali ipi ataifanyia kazi kwa miaka miwili, mitatu au zaidi? Msimamizi mmoja humwelekeza kwenye platini kwa sababu ndiyo iliyokwisha kuponya watu. Mwingine humshauri achukue rutheni kwa sababu ina mengi ambayo hayajachunguzwa. Wa tatu humwambia kwamba shaba inatosha, kwa kuwa hupatikana kwa urahisi na kampaundi zake nyingi hutengenezwa kwa siku moja. Wote watatu wana hoja, na ndiyo maana mwanafunzi husita. Makala haya yanaziweka metali hizo tatu sambamba, chini ya vigezo vilevile, ili anayesita apime mwenyewe.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba ulinganisho huu unamhusu mtu anayechagua mada ya utafiti, si mgonjwa anayechagua dawa. Uamuzi wa tiba ni wa mgonjwa pamoja na daktari wake wa saratani, na hakuna lolote katika kurasa hizi linaloweza kushika nafasi ya mazungumzo hayo.

Vigezo vilivyotumika

Vigezo ni vitano. Cha kwanza ni namna kampaundi inavyoishika DNA: kwa bondi halisi, kwa kujipenyeza kati ya besi (herufi za DNA zilizopangwa kama ngazi), au kwa kuikata. Cha pili ni uthabiti, yaani kama kampaundi uliyoitengeneza ndiyo inayofika kwenye DNA, au njiani imekwisha kugeuka kuwa kitu kingine. Cha tatu ni ushahidi uliopatikana kwa wagonjwa. Cha nne ni madhara na usugu wa seli. Cha tano ni kazi yenyewe ya maabara, pamoja na mitego yake. Kwa maoni yangu kigezo cha pili ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote, nacho ndicho kinachoamua kama takwimu zako zitakuwa na maana, kwa hiyo msomaji asishangae nikikirudia mara kwa mara.

Namna ya kuishika DNA

Sisplatini, dawa ya saratani yenye platini ambayo ndiyo kipimo cha wengine wote, ni molekuli ndogo na bapa: platini katikati, amonia mbili zikiwa jirani upande mmoja, na kloridi mbili zikiwa jirani upande wa pili. Katika damu, ambamo kloridi ni takriban milimola 100 kwa lita, kloridi hizo mbili hutulia mahali pake. Kampaundi inapoingia ndani ya seli hukuta kloridi imeshuka hadi kati ya milimola 4 na 20, na hapo maji huanza kuziondoa kloridi zake na kukaa badala yake. Platini iliyoshikwa na maji hukamata atomu ya naitrojeni namba 7 ya guanini, mojawapo ya besi za DNA, kwa bondi halisi, kisha hukamata guanini au adenini iliyo jirani katika uzi uleule. Takriban 90% ya viungo vyake na DNA ni vya aina hii. DNA hupinda mahali hapo, protini za seli hulitambua pindo hilo, na jitihada za kulirekebisha zikishindikana seli huanzisha mchakato wa kujiua.

Pacha wake, transplatini, ana atomu zilezile kwa idadi ileile, isipokuwa kloridi zake zimekaa pande zinazotazamana. Kwa mkao huo hawezi kuzikamata besi mbili jirani katika uzi mmoja, na hakuwahi kuwa dawa. Mwanafunzi akilielewa jambo hili moja amelielewa nusu ya somo: katika eneo hili umbo la kampaundi lina uzito sawa na metali yenyewe.

Rutheni ina nafasi sita za kushikia ligandi (molekuli au ioni zinazojishikiza kwenye metali), si nne kama platini, kwa hiyo kampaundi zake zina umbo la pande tatu lenye mikono kila upande. Baadhi yake hushika guanini kwa bondi kama platini inavyofanya. RM175, iliyotoka katika kundi la utafiti la Peter Sadler, hufanya mawili kwa pamoja: rutheni hushika guanini, na pete za kikaboni zilizo juu yake hujipenyeza kati ya besi. Nyingine hazifungi bondi yoyote na DNA, bali husukuma ligandi yake bapa kati ya ngazi za helisi, yaani msokoto wa nyuzi mbili za DNA. Mfano ulio bora ni kampaundi za rutheni zenye ligandi iitwayo dppz, ambazo kundi la Jacqueline Barton lilizieleza mwaka 1990. Zikiwa katika maji peke yake hazing'ai kabisa. Ukidondosha DNA ndani ya kichupa kilekile na kukiweka chini ya taa, myeyusho unawaka rangi ya chungwa iliyoiva, kwa sababu ligandi iliyojificha kati ya besi haiguswi tena na maji yaliyokuwa yakiuzima mwanga wake. Ni vipimo vichache vinavyomwonyesha mtafiti jibu kwa macho yake kwa uwazi kama huo.

Hata hivyo, si kila rutheni hutafuta DNA. RAPTA-C, iliyotoka katika kundi la Paul Dyson huko Lausanne, hupendelea kushika protini za histoni ambazo DNA imezizunguka, ilhali ndugu yake wa karibu, mwenye ligandi ya ethilini-diamini badala ya ile ya fosifini, huenda kwenye DNA yenyewe. Kubadilisha ligandi moja kumehamisha shabaha.

Shaba hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1979 kundi la David Sigman huko Los Angeles lilionyesha kwamba shaba iliyoshikwa na fenanthrolini mbili hukata DNA. Kampaundi hulala kwenye mfereji mdogo wa helisi. Kitu chenye uwezo wa kutoa elektroni, kama vile glutathioni (molekuli ndogo inayoilinda seli) au vitamini C, huigeuza shaba ya hali ya pili (iliyopoteza elektroni mbili) kuwa ya hali ya kwanza (iliyopoteza moja). Na shaba hiyo ikikutana na peroksidi ya haidrojeni hutoa aina ya oksijeni kali inayoshambulia sukari ya uti wa DNA na kuukata uzi. Kwa hiyo tunaposema kwamba platini huishika DNA na kwamba shaba huishika DNA, tunazungumzia matendo mawili tofauti: moja huacha kifungo, jingine huacha jeraha.

Uthabiti

Hapa metali hizi zinatofautiana kupita kiasi. Molekuli ya maji iliyoshikwa na ioni ya platini ya hali ya pili hukaa hapo kwa makumi ya dakika kabla ya kubadilishwa na nyingine. Iliyoshikwa na ioni ya shaba ya hali ya pili huondoka ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, kiasi kwamba mabadilishano huzidi mara bilioni moja kwa sekunde. Rutheni ya hali ya tatu ni nzito ya kubadilika kuliko hata platini, na ya hali ya pili huchangamka zaidi kidogo.

Maana yake kwa mtafiti ni kwamba sisplatini unayoiweka katika bafa (myeyusho unaotunza kiwango cha asidi) yenye kloridi ya kutosha itabaki sisplatini kwa muda unaoweza kuuhesabu, kwani nusu ya molekuli zake kupoteza kloridi ya kwanza katika maji ya nyuzijoto 37 huchukua takriban saa mbili. Kampaundi ya shaba, kwa upande mwingine, inaweza kuachana na ligandi yake mara tu inapokutana na albumini, protini ya damu, au glutathioni. Matokeo utakayoyaona katika seli yanaweza kuwa ya kampaundi yako, ya shaba tupu, au ya ligandi tupu. Na fenanthrolini, nasisitiza, ni sumu kwa seli hata bila metali. Kwa sababu hiyo sikubali matokeo ya shaba yasiyoambatana na vipimo viwili vya kulinganishia: chumvi ya shaba peke yake na ligandi peke yake, kwa kiasi kilekile na katika siku ileile.

Rutheni ina tabia yake ya pekee. Kampaundi nyingi za hali ya tatu zilibuniwa kwa matumaini kwamba zitasafiri zikiwa zimetulia, kisha zitapokea elektroni na kuamka ndani ya uvimbe, ambamo oksijeni huwa haba. Dhana hiyo inavutia na imezaa kazi nyingi, lakini damu ina vitu vingi vinavyoweza kutoa elektroni mapema, na protini zake, hasa albumini na transferini, huikumbatia rutheni kabla haijafika mbali.

Ushahidi kwa wagonjwa

Platini haina mpinzani hapa, na haki inadai lisemwe bila kuzungusha maneno. Sisplatini ilitengenezwa na Michele Peyrone katikati ya miaka ya 1840, na muundo wake ukafafanuliwa na Alfred Werner mwaka 1893, bila yeyote kujua kwamba ni dawa. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walikuwa wakipitisha umeme katika chombo chenye bakteria wakaona viumbe hao wameacha kugawanyika na kurefuka kama nyuzi, hadi mara 300 ya urefu wao wa kawaida. Chanzo hakikuwa umeme, bali platini iliyokuwa ikiyeyuka kutoka kwenye elektrodi. Mwaka 1969 walionyesha kwamba kampaundi hiyo hupunguza uvimbe wa panya, na mwaka 1978 ikaidhinishwa Marekani kwa saratani ya korodani na ya ovari. Leo wagonjwa wa saratani ya korodani wanaopona ni zaidi ya 90%. Kaboplatini ilifuata kuidhinishwa huko mwaka 1989 na oksaliplatini mwaka 2002. Japani ina nedaplatini, na China ina lobaplatini.

Rutheni imefika kwa wagonjwa lakini haijavuka. NAMI-A, iliyobuniwa Trieste, ndiyo iliyotangulia kujaribiwa kwa binadamu, ikitarajiwa kuzuia saratani kusambaa badala ya kuua uvimbe wa awali. Ilipounganishwa na dawa nyingine kwa saratani ya mapafu haikuonyesha manufaa ya kutosha. KP1019 ilikwamishwa na ugumu wake wa kuyeyuka, na chumvi yake ya sodiamu, iliyopewa majina ya KP1339 na baadaye BOLD-100, ikachukua nafasi yake. Iliyo tofauti na hizo zote ni TLD1433, ambayo hubaki kimya hadi imulikwe mwanga ndani ya kibofu cha mkojo. Imefika awamu ya pili ya majaribio ya kitabibu.

Kwa upande wa shaba, kundi la Lena Ruiz-Azuara katika chuo kikuu cha taifa cha Meksiko, UNAM, ndilo lililosonga mbele zaidi kwa familia ya kampaundi ziitwazo Casiopeina, na moja kati yake ilifikishwa katika awamu ya kwanza ya majaribio. Hilo si dogo kwa metali ambayo wengi huiacha kwenye mirija ya maabara.

Madhara na usugu

Madhara ya platini yanajulikana kwa undani kwa sababu watu wengi mno wameitumia. Sisplatini huumiza figo, masikio na neva na huleta kichefuchefu kikali. Kaboplatini huzipunguzia figo mzigo huo lakini hupunguza chembe za damu, hasa chembe sahani. Oksaliplatini huacha ganzi na maumivu ya vidole yanayochochewa na baridi. Seli nazo hujifunza kujikinga: hupunguza mlango wa kuingilia, huongeza glutathioni inayoikamata platini, au huharakisha urekebishaji wa DNA. Kwa mtafiti, hata hivyo, maarifa haya ni hazina, kwa sababu kuna aina za seli zilizokwisha kujenga usugu dhidi ya sisplatini na ambazo unaweza kuzitumia kupima kampaundi mpya papo kwa papo.

Rutheni husifiwa kuwa na sumu ndogo. Ningeshauri sifa hiyo ipokewe kwa tahadhari, kwani NAMI-A ilisababisha malengelenge yenye maumivu kwenye vidole vya baadhi ya wagonjwa, na kampaundi moja haiwezi kuisemea familia nzima. Shaba huambatana na kauli kwamba ni metali ya mwilini, hivyo mwili utaizoea. Kauli hiyo haitoshi. Mwili huilinda shaba kwa ukali kwa sababu shaba huru ni hatari, na katika wanyama waliopewa Casiopeina moyo umeonekana kuathirika.

Zaidi ya hayo, mwaka 2022 ilionyeshwa kwamba shaba inayoingizwa kwa wingi katika seli inaweza kuziua kwa kushika protini za mitokondria zenye asidi ya lipoi, njia ambayo haiihusu DNA hata kidogo. Anayefanya utafiti wa shaba leo hawezi kuona seli zimekufa na DNA imekatika katika jeli (ya kutenganisha vipande vya DNA kwa umeme), akahitimisha kwamba la pili ndilo lililoleta la kwanza.

Kazi ya maabara

Usanisi wa sisplatini ni njia iliyonyooka: huanzia kwenye chumvi ya platini na kupitia iodidi, amonia, nitrati ya fedha na kloridi, hadi unga wa manjano. Uhakiki wake una jaribio la kale na zuri, la Kurnakov. Ukiongeza thiourea kwenye umbo la jirani unapata sindano za manjano, na ukiongeza kwenye umbo la kutazamana unapata fuwele nyeupe. Platini yenyewe ni ghali, na sisplatini huhesabiwa miongoni mwa vitu vinavyodhaniwa kusababisha saratani, hivyo glavu na kabati la hewa si hiari. Rutheni pia ni ghali, usanisi wake una hatua zaidi na mara nyingi huhitaji kutenganisha maumbo pacha ya kioo, lakini ile ya hali ya pili husomeka vizuri katika NMR (kipimo cha sumaku kinachofichua muundo wa molekuli) na nyingi hung'aa. Shaba ni rahisi kwa bei na kwa mikono. Tatizo ni kwamba sumaku ya shaba ya hali ya pili huivuruga NMR, hivyo bila fuwele nzuri ya kupigwa eksirei huna hakika umetengeneza nini.

Kwa kupima mgusano na DNA, shaba humpa mtafiti jeli inayosomeka kwa jicho. Plasmidi (DNA ndogo ya duara) iliyojisokota hukimbia mbele kabisa, iliyokatika uzi mmoja hubaki nyuma, na iliyokatika nyuzi zote mbili husimama katikati. Platini na rutheni huhitaji uvumilivu zaidi, lakini mnato husaidia sana: kinachojipenyeza kati ya besi huirefusha DNA na mnato hupanda, ilhali sisplatini huipinda na mnato hushuka.

Kuna kiyeyusho kimoja kinachowaadhibu wote, nacho ni DMSO. Niliwahi kupoteza wiki kadhaa za vipimo vya seli kwa sababu sisplatini ya kulinganishia ilikuwa imeyeyushwa humo na kuachwa usiku kucha. Salfa ya DMSO huisukuma kloridi na kushika platini, na kilichofika kwenye seli hakikuwa tena sisplatini. Kampaundi yetu mpya ikaonekana bora kuliko dawa, kumbe dawa haikuwapo. Katika jeli ya shaba DMSO hunyonya oksijeni kali, hivyo huficha ukataji unaoutafuta. Kwa rutheni inaweza kuingia na kuwa ligandi, na NAMI-A yenyewe imebeba DMSO moja kwa makusudi. Kabla hujachagua metali, jiulize kampaundi zako zitayeyuka katika nini.

Mwongozo kulingana na hali yako

Ikiwa una muda mfupi, kwa mfano mwaka mmoja wa utafiti wa uzamili, na maabara yako ina spektrofotometa na vifaa vya jeli, shaba inakufaa, mradi tu kuna mahali pa kupima fuwele na uko tayari kufanya vipimo vyote vya kulinganishia. Andika hitimisho lako kuhusu ukataji wa DNA, na usiliburute hadi kwenye tiba.

Ikiwa swali lako ni la kibiolojia, kama vile jinsi seli inavyotambua au kurekebisha DNA iliyoumizwa, au jinsi usugu unavyojengeka, chukua platini. Utakuta shabaha imekwisha kuthibitishwa na seli sugu zipo. Itakubidi tu ukubali kwamba njia hiyo imekanyagwa na wengi, na kwamba kampaundi mpya isiyotofautiana na sisplatini kwa umbo au kwa kiungo chake na DNA haitamshawishi mhakiki.

Ikiwa una miaka mitatu au zaidi, msimamizi aliyezoea usanisi wa hatua nyingi, na kifaa cha kupima mng'ao, rutheni itakulipa, hasa kwa anayevutiwa na kufuatilia kampaundi ikisafiri ndani ya seli au kuiamsha kwa mwanga. Hapo pima tangu mwanzo ni kiasi gani cha rutheni kinaishia kwenye DNA na ni kiasi gani kinaishia kwenye protini, na uwe tayari jibu likikuhamishia kwenye protini.

Na ikiwa huna njia yoyote ya kujua kampaundi yako imebaki nzima ndani ya maji ya seli kwa saa 24, iwe ni kwa spektra, kwa NMR au kwa kipima-masi, basi ahirisha uchaguzi wa metali na utafute kwanza maabara ya kushirikiana nayo kwa kipimo hicho.